Kufuli la Mtumbwi

Niseme mapema, nisije nikaulizwa majina: wanaozungumza humu nimewatunga. Nimewaokota kidogo kidogo katika karakana za Gitega, kwenye stendi ya Muyinga na kwenye vivuko vya mto Ruvubu, nikawaketisha benchi moja. Walichobishania, hata hivyo, sikukitunga: mtu asiye na pesa za kununua mtumbwi mara mbili anunue upi, na akishaununua afanye nini ili udumu.

Mahali ni karakana ya seremala, Gitega, alasiri, mvua imekatika na vumbi la msumeno limelala. Tangu 2019, mji ulipofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi, fundi huyu hapumziki: milango, meza za ofisi, vitanda. Lakini ujana wake aliumalizia Rumonge, ufukweni mwa Tanganyika, akiunda maboti ya wavuvi. Ndiyo maana wageni wake wamepanda basi kutoka Muyinga, wakapita Karuzi, kuja kumsikiliza. Ni watatu: mvushaji, mtu mzima anayevusha watu Ruvubu; dada yake, muuza ndagala, ambaye humu namwita Mama; na mpwa, mtoto wa huyo dada, aliyeishi Gatineau, Kanada, miaka mingi, sasa yuko likizo, na huko ana mtumbwi wa plastiki anaotaka kuuleta nyumbani.

Mtumbwi wa gogo wa familia, ule aliouacha baba yao, umepasuka ubavu.

FUNDI: Nimeona picha kwenye simu, mzee. Ule si ufa, ule ni mlango.

MVUSHAJI: Mlango au dirisha, fundi, niambie kama unazibika. Kama hauzibiki nichongee mwingine, wa mti ule ule.

FUNDI: Niuchonge na nini? Tezo ninayo, mikono ninayo, mti ndio sina. Gogo la kutoa mtumbwi wa watu wanane na baiskeli zao linataka mti ambao watu wawili wakiukumbatia vidole havikutani. Miti ya namna hiyo iliyobaki ukanda wenu iko ndani ya Hifadhi ya Ruvubu, na ile imelindwa tangu 1980. Huku nje tuna mkaratusi, msonobari na gereveliya. Mkaratusi ukiuchonga leo, wiki ijayo umejipinda na kupasuka wenyewe kabla haujaonja maji. Msonobari na gereveliya ni miti ya dari. Kampeni ya Ewe Burundi Urambaye imepanda miche vilimani tangu 2018, naipongeza, lakini mche wa 2018 ukiugeuza mtumbwi utavusha kuku.

MVUSHAJI: Mbona ngoma zinachongwa mpaka leo?

FUNDI: Zinachongwa kwa taabu. Nenda hapo Gishora uwaulize watunzaji wa ngoma habari za mti wa umuvugangoma, ule Watanzania wanaouita mringaringa. UNESCO waliiingiza ngoma yetu ya kifalme kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Orodha haioteshi mti.

MAMA: Ngoma tuwaachie wenye nayo. Amri ya 2017 imesema mwanamke haipigi. Mimi nimekuja kwa mtumbwi, na huo bado haujatolewa amri.

MVUSHAJI: Dada, tumeanza mapema.

MAMA: Bado sijaanza, kaka.

FUNDI: Nawaambia ukweli wangu: ingieni kwenye mbao. Si aibu. Waganda wa visiwa vya Ssese walikuwa wakishona mbao za mitumbwi kwa nyuzi za mimea kabla msumari haujafika kwao, na mfalme wao, Kabaka, alipigana vita Ziwa Viktoria kwa mitumbwi hiyo. Nitawapa mbao za musave. Mti ule hata mchwa anaufikiria mara mbili. Mataruma nayaweka karibu karibu, misumari ya mabati, si ile myeusi inayoota kutu, na kila ungio nalikalafati kwa pamba na lami. Ubao mmoja ukiharibika, unautoa huo, unatia mwingine. Baada ya miaka 20 pengine hakuna ubao hata mmoja wa siku ya kwanza, lakini boti ni lile lile.

MPWA: Na kila mwaka linataka kukalafatiwa upya.

FUNDI: Kila mwaka. Boti la mbao ni kama mgonjwa wa sukari: haponi, lakini akifuata masharti anazeeka vizuri. Tatizo ni masharti. Mtu analiona linavuja kidogo, anasema nitakumba maji asubuhi. Asubuhi anakumba. Kesho yake anakumba tena. Mwisho anaajiri kijana wa kukumba maji, na mshahara wa yule kijana ungenunua lami ya miaka mitatu.

MPWA: Fundi, heshima zako. Mimi mtumbwi wangu nimeupigiza mawe ya mtoni miaka 17. Sijaupa tone la rangi wala uzi wa pamba. Ukigonga mwamba unabonyea. Unauacha juani saa moja, umerudi kama ulivyokuwa. Uzito kilo 30 na kitu. Naubeba peke yangu kichwani. Na una uwezo wa karibu nusu tani, kwa maandishi ya kiwandani.

MVUSHAJI: Kiwanda hakijawahi kupakia mbuzi anayekataa kupanda.

MPWA: Mjomba, cheka, lakini huo ndio mtumbwi wa kudumu. Naupakia kwenye kontena hadi Dar es Salaam, unakuja kwa lori hadi mpakani Kobero, na Kobero hadi kwako si mbali. Gharama mara moja, basi.

FUNDI: Umetengenezwa na nini?

MPWA: Wanaita Royalex. Ni tabaka za plastiki ngumu, katikati povu, nje ngozi ya vinili inayouziba mwanga wa jua.

FUNDI: Nikitaka kipande cha kuubandika kiraka, nakipata wapi?

Kijana hakujibu upesi, na alipojibu alijibu kwa uungwana. Royalex haitengenezwi tena. Kampuni iliyoitengeneza, Spartech, ilinunuliwa na PolyOne mwaka 2013. Wanunuzi wakapiga hesabu wakaona biashara ya mitumbwi ni ndogo mno kwao, na mwaka uliofuata karatasi ya mwisho ikatoka kiwandani. Waundaji wa mitumbwi wa Marekani na Kanada, watu waliodhani wamepata kitu cha milele, walijikuta hawana mali ghafi. Wenye mitumbwi ya zamani wakaanza kuitunza kama fedha.

Nilipomsikia nikaona ndugu hawa hawapingani kama wanavyodhani. Mtumbwi wa mjomba umeishi kuliko msitu ulioutoa. Mtumbwi wa mpwa umeishi kuliko kiwanda kilichoutoa. Wote wawili ni yatima. Tunapoulizana chombo kipi kinadumu huwa tunakipima kwa ugumu wa mwili, kama fahali mnadani, tukasahau kuuliza siku kikiumia kitatibiwa na nani, kwa dawa inayouzwa duka lipi.

MPWA: Kuna mingine, ya polietilini. Hiyo haijaisha na haitaisha. Unga wa plastiki unamiminwa ndani ya kalibu, kalibu inazungushwa kwenye joto.

FUNDI: Kama matanki ya maji?

MPWA: Ndiyo hayo hayo.

FUNDI: Basi namjua huyo mtumbwi wako. Yuko juu ya kila paa Gitega hii. Jua la vilimani likimpiga miaka, anapauka, halafu anakuwa mkavu kama biskuti. Ukimgonga analia tofauti. Na gundi haimshiki. Nimejaribu gundi za kila duka.

MAMA: Gundi ya nini, fundi? Hujawahi kwenda sokoni? Kuna vijana pale wana jiko la makaa na kisu kimeiva moto. Unampelekea beseni lililopasuka, au kidumu, anayeyusha kipande cha kidumu kingine anakipaka kwenye ufa. Beseni langu la ndagala limeshonwa hivyo mara tatu.

FUNDI: Beseni halibebi roho za watu.

MAMA: Linabeba mtaji wangu. Roho yangu imo humo.

Nampa mama alama hapo, ingawa fundi hakumpa. Kuna dharau ya zamani kwa plastiki kati ya mafundi wetu, kana kwamba kazi inayofanywa kwa kisu cha moto si ufundi. Watu wa Lamu waliivua dharau hiyo mapema. Mwaka 2018 waliingiza majini jahazi la mita tisa hivi lililoundwa kwa tani 10 za taka za plastiki na ndara 30,000 zilizookotwa fukweni. Walioliunda ni mafundi wa jadi wakiongozwa na Ali Skanda, ambao mikono yao ilikuwa imezoea mbao. Wakayeyusha taka, wakapata mkuku na mataruma ya plastiki, wakayakata kwa msumeno na kuyachonga kama mti. Flipflopi, ndilo jina lake, ilisafiri hadi Unguja mapema 2019, na mwaka 2021 ikazunguka Ziwa Viktoria. Walitaka dunia izungumzie taka, na imezungumza. Mimi nilichokiona ni kingine: plastiki ikifika mikononi mwa seremala inakuwa kitu cha kukarabatiwa kama ubao.

Sisi Burundi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya 2018, ikaanza kukaza 2020. Itakuwa kichekesho forodhani Kobero mtu akipita na plastiki ya mita tano kichwani.

FUNDI: Tuache plastiki. Mzee, nikuulize kitu kimoja, unijibu kama daktari. Mtumbwi wako mnaulazaje usiku?

MVUSHAJI: Nauvuta nchi kavu kila jioni. Mimi na vijana wawili. Naufunga mnyororo kwenye mti, kufuli kubwa, ufunguo nalala nao.

FUNDI: Tangu lini?

MVUSHAJI: Tangu mwaka juzi. Kuna wahuni waliuchukua usiku wakavushia magendo ya petroli. Asubuhi nikaukuta ng'ambo, unanuka.

FUNDI: Na ufa umeanza lini?

MVUSHAJI: Mwaka jana, kiangazi.

FUNDI: Enhe.

MVUSHAJI: Enhe nini?

FUNDI: Kabla ya kufuli, ulikuwa unalala wapi?

MVUSHAJI: Majini. Baba alikuwa akiuacha majini, kwenye mafunjo. Wakati mwingine anautia maji makusudi mpaka unazama nusu.

FUNDI: Basi aliyeupasua si jua peke yake, mzee.

Hapa lazima niingilie, maana ndipo penye kiini. Mtu wa pwani ukimtajia mtumbwi wa gogo anafikiria funza wa baharini, yule anayetoboa mbao mpaka chombo kinakuwa kama sega la asali; ndiyo maana huko wanaubabua mgongo wa chombo kwa moto wa makuti. Ruvubu haimjui funza huyo. Anataka chumvi. Katika maji yetu baridi, gogo linaloshinda limezama halina haraka ya kufa. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani akichimba kisima Dufuna, kaskazini mwa Nigeria, aligonga kitu kigumu kikawa mtumbwi wenye umri wa miaka karibu 8,000. Mwaka 2000 ukame ulipofyonza ziwa la Newnans, jimbo la Florida, mitumbwi 101 ilionekana imelala topeni, mingine ina miaka 5,000. Haikutunzwa na mtu yeyote. Iliachwa tu mahali penye unyevu na pasipo hewa.

Kinachoua gogo ni kulowa na kukauka. Mchana limo majini, limevimba; usiku liko nchi kavu, na asubuhi ya kiangazi kabla ya wateja kuja jua limeshalipiga upande mmoja. Ubavu wa juu unakauka na kujivuta, ubavu wa chini bado umevimba na hautaki kuvutwa. Zikishindana vya kutosha, panapasuka. Na huko nchi kavu mchwa anakuja kuangalia kuna nini. Mzee wetu aliufungia mtumbwi kufuli ili aumiliki muda mrefu, na kufuli ndilo lililoufupishia maisha.

MVUSHAJI: Kwa hiyo niuache majini uchukuliwe?

FUNDI: Sijasema hivyo. Nimesema gogo na kufuli havipatani. Boti langu la mbao nalo ni hivyo hivyo: ukilitoa kila siku maungio yanafunguka, linarudi majini linavuja kama kapu.

MPWA: Plastiki haijali. Ndani, nje, majini, nchi kavu.

MVUSHAJI: Na kilo 30 na kitu, mwanangu. Umesema mwenyewe unaubeba peke yako kichwani. Na mwizi je? Huu wa baba waliouchukua waliuacha ng'ambo, kwa sababu hawakuweza kwenda nao popote. Hauna pa kuuzwa, kila mtu kando ya mto anaujua. Wa kwako utalala Muyinga, uamkie Ngara, Tanzania.

Mpwa alicheka, kisha akaacha kucheka.

MAMA: Sasa niruhusiwe. Mnauliza mtumbwi upi, mnauliza ulale wapi. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

MVUSHAJI: Wa baba.

MAMA: Baba yuko kaburini.

MVUSHAJI: Basi wetu.

MAMA: Wetu! Miaka yote hii navuka na beseni langu kichwani, nakulipa nauli. Namlipa kaka yangu nauli kwenye mtumbwi wa baba yangu.

MVUSHAJI: Nilikupunguzia.

MAMA: Ulinipunguzia. Nashukuru.

Kimya kilichofuata nilikipenda. Fundi alichukua randa akaanza kulainisha ubao uliokuwa tayari laini.

Wasiotoka Burundi waelewe uzito wake. Urithi wa ardhi kwetu hauna sheria iliyoandikwa; unaendeshwa na mila, na kwa mila shamba linakwenda kwa wavulana. Binti anaweza kupewa igiseke, kipande cha kula akiwa hai, kisha kinarudi kwa kaka zake. Mashamba yenyewe yamegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka ndugu wawili wakilima wanagongana visigino. Lakini mtumbwi ukiugawa ni kuni. Ndiyo sababu kando ya mto walibuni njia nyingine bila kuandikiana: siku zako, siku zangu, nauli ya Jumatatu kwa huyu, ya siku ya soko kwa yule. Shamba lingefundishwa jambo na mtumbwi, kama mashamba yangekuwa na masikio. Familia hii nayo ilikuwa na zamu kati ya ndugu wanaume. Jina la dada halikuwahi kuwamo.

MPWA: Mama, mtumbwi nikiuleta nitauandika jina lako.

MVUSHAJI: Na utapita kivuko changu?

MPWA: Kivuko ni chako mjomba, mto ni wako pia?

MVUSHAJI: Angalia mtoto anavyosema na mjomba wake.

MAMA: Nyamaza wewe. Mjomba wako hakusoma, lakini anamjua kila kiboko wa kipande kile kwa tabia yake. Utapinduliwa na plastiki yako siku ya kwanza.

MPWA: Samahani, mjomba.

MVUSHAJI: Nimekusamehe. Kiboko ndiye hasamehi.

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda mahali ambapo sikupatarajia. Fundi, pengine kwa kutaka kuwapoza, aliuliza mtumbwi una umri gani. Hawakujua. Walipima kwa mambo yaliyowapata.

MVUSHAJI: Mwaka 1993, Rais Ndadaye alipouawa, watu walikimbia, nasi tukakimbia. Baba alituvusha sisi wavulana, akarudi na mtumbwi upande wetu. Tukadhani ameshikwa na wazimu. Akaujaza mawe, akauzamisha kwenye mafunjo, kisha akavuka kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Tukaenda Tanzania, kambini.

MAMA: Mimi nilikuwa namshika mkono. Alihesabu hatua toka kwenye mtini mkubwa hadi pale alipouzamisha. Alinihesabisha na mimi, maana kaka zangu walikuwa wametangulia na mizigo.

FUNDI: Mlikaa miaka mingapi?

MAMA: Mingi. Baba alirudi mzee. Mtini umekatwa. Mimi ndiye niliyekumbuka hatua. Tulitoa mawe siku mbili.

FUNDI: Ulikuwaje?

MAMA: Mweusi. Mzito. Una konokono ndani. Hauna ufa hata mmoja.

Watu wengi waliorudi kutoka Tanzania walikuta mashamba yao yana wakazi. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya kushughulikia migogoro hiyo, na jina lake lilitaja ardhi na mali nyinginezo. Katika habari za tume ile nimesoma sana juu ya ardhi. Hizo mali nyinginezo sikuwahi kuona zikielezwa, na tangu siku ile ya karakana kila nikiliona jina hilo nawaza gogo lililojaa mawe chini ya mafunjo, mali pekee ya familia ambayo hakuna aliyeikalia kwa sababu hakuna aliyejua ipo, isipokuwa mzee mmoja na msichana aliyejua kuhesabu hatua.

MPWA: Mama, hujawahi kunisimulia hili.

MAMA: Hukuuliza. Ulikuwa unatutumia picha za mtumbwi wako.

FUNDI: Mzee, nimebadili ushauri. Ubao nitakuuzia ukitaka, mimi ni mfanyabiashara. Lakini kabla hujanunua kitu, nenda kauzamishe tena. Wiki mbili, tatu. Gogo lilewe maji. Ufa wa namna ile hautafunga wote, lakini utarudi karibu, midomo itakaribiana. Kabla haujakauka, uupige mataruma matatu ndani ya kuushika, pamba na lami kwenye ufa, na bati la misumari midogo juu yake. Nitakuja mwenyewe, nauli yako. Halafu usiuvute nchi kavu tena. Ulale majini, kivulini.

MVUSHAJI: Na wale wahuni wa magendo?

FUNDI: Ukishauzamisha nusu, nani atakumba maji usiku wa manane ili aibe? Wizi ni kazi ya watu wavivu.

MPWA: Na wangu?

FUNDI: Wako ulete. Petroli hii tunayoisikia redioni tu, injini za maboti zinalala. Chombo cha kupiga kafi kina nafasi. Lakini uufanye wa pili, wa mvua kubwa na wa kumkimbiza mgonjwa. Uuweke chini ya paa, usiulaze juani kama tanki. Na ufundishe mtu mmoja wa hapa kuuziba kwa kisu cha moto kabla hujapanda ndege.

Mimi sikuulizwa, lakini kwa kuwa kalamu ni yangu: ningemfuata fundi katika gogo, nikamwekea shaka katika hilo la paa. Paa lipi? Kando ya Ruvubu nyumba zenye nafasi ya mita tano za bure ni chache. Utaegeshwa nje, utageuzwa kihori cha kunyweshea ng'ombe kiangazi, na si lazima iwe vibaya.

MVUSHAJI: Zamu je? Dada, unataka siku gani?

MAMA: Siku ya soko.

MVUSHAJI: Siku ya soko ndiyo yenye nauli!

MAMA: Ndiyo maana naitaka. Na hizo siku nyingine nivuke bure.

MVUSHAJI: Utapiga kafi mwenyewe?

MAMA: Nitamwajiri kijana yule mnayemlipa kukumba maji. Ufa ukishazibwa atakuwa hana kazi.

Mvushaji aliangalia sakafu muda mrefu. Nje, kondakta wa basi la Muyinga aliita. Mabasi siku hizi hayasubiri mtu, maana basi likikosa lita zake za mafuta leo halijui kesho litazipata wapi. Wakasimama. Mvushaji aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo mkubwa uliofungwa kamba ya katani, akautazama kama mtu anayesoma barua.

MVUSHAJI: Nilinunua kufuli lile ghali.

MAMA: Basi nipe. Sanduku langu la ndagala halina.